Bamia Haingoji Jumamosi

Ndugu mwenyekiti, wakulima wenzangu wa bustani za nyumbani hapa Morogoro, na ninyi wapishi ambao naona mmejibanza mstari wa nyuma kana kwamba shughuli hii haiwahusu: habari za jioni.

Nimeombwa nizungumzie bamia. Nilipotajiwa mada, jirani yangu aliuliza kama bamia nayo ni ya kuwekewa viti na kipaza sauti. Nyanya ina magonjwa yake, kabichi ina wadudu wake, lakini bamia mtu anaifukia nyuma ya jiko na baada ya miezi miwili anaila. Ana haki ya kuuliza hivyo. Kuotesha bamia si kazi ngumu. Kazi ni kuivuna, na hapo ndipo wengi wetu tunapoiharibu, kisha tunasema bamia za siku hizi zina nyuzi. Kwa hiyo leo shambani tutapita mbiombio, kwenye kisu tutakaa, halafu tutaingia jikoni.

Mbamia ni ndugu wa pamba. Wako ukoo mmoja, pamoja na rozela, ile choya tunayochemshia juisi nyekundu. Litazame ua lake asubuhi: manjano iliyofifia, katikati zambarau iliyokolea hadi kukaribia weusi. Aliyekulia Shinyanga au Simiyu kwenye mashamba ya pamba atajua mara moja kwamba hawa ni mtu na binamu yake. Undugu huo una gharama. Kangambili, wale wadudu wekundu wanaotembea wawili wawili wameunganika mikia, wakimaliza pamba huhamia kwenye bamia wakafyonza mbegu ndani ya tunda. Funza wa vitumba naye hivyo hivyo. Ukiishi eneo la pamba, ng'oa mibamia mizee msimu ukiisha; usiiache imesimama ikiwalisha wadudu wa jirani.

Asili yake wataalamu bado wanaibishania: wapo wanaosema Ethiopia na Sudan, wapo wanaosema Afrika Magharibi, wapo wanaosema Bara Hindi. Lisilobishaniwa ni kwamba mnamo mwaka 1216 mtaalamu wa mimea kutoka Andalusia, Abul Abbas al-Nabati, alifika Misri akakuta watu wanailima, akaandika kwamba huliwa ikiwa changa. Naomba mlishike neno hilo, changa, maana zaidi ya miaka 800 baadaye bado tunakumbushana.

Leo India peke yake huzalisha zaidi ya nusu ya bamia zote duniani, na Nigeria huifuata. Zote ni nchi za joto. Mbamia unapenda jua kali na udongo uliopashika. Udongo ukiwa na nyuzi 25 hadi 35 mbegu hutoka ndani ya wiki moja; ukiwa wa baridi, mbegu hukaa chini hadi ikaoza. Ndugu zetu wa Mgeta, huko kwenye baridi ya milimani, wanatushinda kwa kabichi, karoti na njegere, na wanatuteremshia kila siku mpaka mjini. Kwa bamia hawatuwezi. Hili tuwe tunalisema kwa fahari kidogo.

Upandaji wenyewe ni mfupi. Mbegu ina ganda gumu, hivyo iloweke usiku kucha kwenye maji ya kawaida. Asubuhi ipande moja kwa moja bustanini, kina cha sentimita 2 hadi 3, mbegu mbili au tatu kila shimo, sentimita 30 toka shimo hadi shimo na 60 toka mstari hadi mstari. Usianzie kwenye kitalu ukidhani unaiheshimu: mbamia hushusha mzizi mkuu mapema, na ukiung'oa kuuhamisha mzizi ule hukatika, mche ukabaki umedumaa. Miche ikifika kimo cha kiganja, bakiza mmoja wenye nguvu. Mingine ikate kwa mkasi, usiing'oe, usije ukatikisa mizizi ya aliyebaki. Samadi iwe imeoza sawasawa. Ukimwaga mbolea ya chumvichumvi yenye naitrojeni nyingi utapata majani ya kuvutia wapita njia na matunda ya kuhesabu. Kwa nyumba ya watu sita, miche 12 hadi 15 inatosha kabisa. Mtu anayepanda 60 nyumbani ajiulize kwanza nani atakayeivuna.

Sasa tufike kwenye kisu.

Baada ya siku 40 hadi 50 tangu kupanda, maua huanza kutoka chini ya mmea na kupanda juu, moja kwenye kila kikwapa cha jani. Ua hufunguka asubuhi, jioni limeshasinyaa. Ni ua la siku moja. Kesho yake linaning'inia limejisokota, na ukilipangusa unakuta bamia ndogo ya kijani imesimama wima. Kuanzia hapo hesabu. Siku ya nne hadi ya sita, kutegemea joto, bamia ile ina sentimita 7 hadi 10, urefu wa kidole cha kati cha mtu mzima, na hiyo ndiyo ya kula. Siku ya nane mbegu zake zimeanza kukaza na kingo zake zimeingia nyuzi. Siku ya kumi unaweza kuichemsha na mawe, mawe yakatangulia kuiva.

Kwa hesabu hiyo hakuna mjadala: bamia huvunwa kila baada ya siku moja, na ukichelewa sana, siku mbili. Nasema hivi nikiwatazama wafanyakazi wenzetu wenye viwanja Mkundi na Kihonda ambao bustani zao huziona Jumamosi kwa Jumamosi. Mchicha utakungoja. Muhogo utakungoja hata mwaka. Bamia iliyochanua Alhamisi, Jumamosi ya kwanza bado ni ndogo mno, Jumamosi inayofuata imeshapita wakati wake, na hazitakuwa moja au mbili, zitakuwa nyingi za juma hilo. Kama ratiba yako ni ya Jumamosi, kubaliana na jirani anayeishi pale: yeye avune Jumatatu na Jumatano ale, wewe uvune Jumamosi. Asipopatikana jirani, panda kitu kingine. Sioni aibu katika kulima bilinganya.

Kuna wanaosema: nitaziacha zile zilizokomaa palepale kwenye mti, sina haja nazo, nitakula zitakazofuata. Hapo ndipo mtu anapojikosesha zote. Mbamia haukukusudia kutulisha sisi. Umekusudia kupata mbegu. Matunda mawili matatu yakikomaa juu yake, chakula chote huelekea huko, maua mapya huwa machache, na urefu wa shina husimama. Mmea unajihesabu umemaliza. Kwa hiyo lile gumu nalo likate, hata kama ni la kutupa. Wala si la kutupa: lipasue, mbegu zake zikiwa bado nyeupe zichambue uzipike pamoja na maharage au wali. Ukivuna kwa uaminifu, mmea mmoja utakuhudumia miezi miwili hadi mitatu. Ukichoka na umekuwa mrefu kukuzidi kimo, ukate ubaki sentimita 30 hivi juu ya ardhi, uwekee samadi, umwagilie. Utachipua matawi na kuzaa tena.

Namna ya kukata pia ina adabu yake. Tumia kisu chenye makali au mkasi, kata kikonyo, usivute. Ukivuta unachana ganda la shina na kuacha kidonda. Vaa mikono mirefu, maana vinyweleo vya mbamia huwasha, hasa ukivuna jua likiwa kali na mwili unatoka jasho. Vuna asubuhi umande ukishakauka.

Jinsi ya kujua kama bamia ni changa mnaijua nyote, na kina mama sokoni wanawachukia kwa ajili hiyo. Shika ncha kwa kidole gumba na cha shahada, uisukume. Ikikatika kwa mlio mdogo, ni changa. Ikipinda na kubaki imeshikilia kwa uzi, irudishe. Mnunuzi ana haki ya kuvunja ncha moja. Wale wanaovunja fungu zima kisha wanaondoka hawajanunua, hao nao wana lao.

Na tusiwalaumu wauzaji peke yao kwa bamia ngumu. Bamia tunauza kwa fungu, na fungu huuzwa kwa macho. Bamia nane kubwa zinajaza meza kuliko kumi na tano changa, hivyo mkulima anasubiri siku mbili zaidi ili fungu lake lionekane nono. Bei ya fungu inamlipa kwa kuchelewa. Wakulima wa Kibwezi nchini Kenya wanaopeleka bamia Uingereza hawana nafasi hiyo: huko hupimwa urefu, na iliyozidi hurudishwa. Uturuki, kwenye mji wa Amasya, wamekwenda mbali zaidi. Huvuna zikiwa bado ndogo sana, fupi kuliko kidole gumba, wakazitunga kwenye uzi na kuzikausha, na mwenye kuzinunua hulipa vizuri. Sisi tungeanza na jambo dogo tu, kuuza kwa kilo. Mama lishe mmoja ukimzoesha bamia za kidole cha kati hatarudi kwenye fungu.

Mavuno haya ya kila siku mbili yana jambo jingine ambalo sisikii likisemwa vya kutosha, nalo ni dawa za wadudu. Kila chupa ya dawa duka la pembejeo imeandikwa idadi ya siku za kungoja kati ya kupulizia na kuvuna. Nyingine siku 3, nyingine 7, nyingine 14. Sasa chukua dawa ya siku 7 uipulizie kwenye mbamia unaozaa. Ukingoja siku 7, bamia zote zimekuwa kuni. Usipongoja, unakula dawa, au unamlisha nayo mteja. Hakuna njia ya katikati. Kwa maoni yangu, bamia ikishaanza kuzaa, dawa nyingi za dukani hazina nafasi tena kwenye bustani ya nyumbani, hata ziwe zimesajiliwa namna gani. Vidukari wanaojazana chini ya majani waoshe kwa maji yenye sabuni kidogo, jioni, siku mbili tatu mfululizo. Kangambili ni wakubwa na wazito. Wakung'ute kwenye ndoo ya maji ya sabuni. Tunda lenye tundu la funza likate uliharibu na funza wake humo ndani. Inzi weupe ndio wasumbufu zaidi, kwa sababu hueneza virusi vinavyokunjamanisha majani au kuyatia mishipa ya manjano. Mmea uliopatwa na hayo hauponi, ung'oe. Ubwiri unga, ule ukungu mweupe juu ya majani, hupungua ukiacha nafasi ya hewa na kuondoa majani ya chini ambayo matunda yake yameshavunwa. Yaliyo bado machanga kati ya hayo yasitupwe. Nitayarudia.

Chini ya ardhi kuna minyoo fundo. Msimu ukiisha ng'oa mmea mmoja, suuza mizizi, utazame. Ukikuta vinundu vinundu, usirudishe hapo bamia, nyanya wala bilinganya msimu ujao. Weka mahindi au mtama.

Bamia ikishakatwa bado inapumua, tena kwa kasi. Ijaze kwenye kiroba, uifunge, kisha baada ya saa chache ingiza mkono katikati: utakuta joto la mtu mwenye homa. Hizo zikifika sokoni zimeshapigwa weusi. Tumia tenga au kikapu kinachopitisha hewa, weka kivulini, usizioshe kabla. Mwenye friji naye asijidai salama: baridi iliyo chini ya nyuzi 7 huitia bamia madoa meusi na kuifanya itoke maji. Iweke droo ya chini, na uile ndani ya siku chache.

Wapishi, sasa mnaweza kusogea mbele.

Nchi hii imegawanyika kuhusu bamia, na mgawanyiko wenyewe ni wa ule utelezi. Nenda Dodoma na Singida: mboga isiyoteleza wanaiona haijakamilika. Huko mlenda ni chakula cha heshima, wa majani ya porini au wa bamia, na ugali huteremka wenyewe. Shuka Tanga, Bagamoyo, Unguja: mpishi anaipika bamia kwa hila zote ili isiteleze. Wote wawili wana haki, na wote wanashughulika na kitu kimoja. Ule ute ni nyuzinyuzi zinazoyeyuka majini. Ukikata bamia unaufungulia mlango. Ukiongeza maji unaukuza. Ukitia uchachu unaupunguza.

Anayeutaka, basi afanye hivi. Bamia aikatekate ndogo kabisa, aitie kwenye maji yanayochemka pamoja na yale majani machanga ya mbamia niliyosema, au majani ya maboga au kunde, kisha apekeche kwa upekecho mpaka uvutike. Wengi hutia magadi, nayo huzidisha utelezi na kulinda ukijani. Lakini magadi huua vitamini C, na bamia inayo ya kutosha: gramu 100 mbichi zina karibu miligramu 23, pamoja na foleti ambayo mama mjamzito anaihitaji. Kwa bamia mimi naona magadi hayana kazi. Ute wake unajitosheleza. Mlenda wa majani makavu ni habari nyingine, sigombani na Wagogo. Karanga zilizotwangwa zitiwe mwishoni.

Asiyeutaka aoshe bamia zikiwa nzima, azikaushe kwa kitambaa mpaka zisibaki na tone, ndipo akate. Kisu nacho kiwe kikavu. Mafuta yawe moto, sufuria pana, asifunike, wala asikoroge kila dakika. Chumvi itiwe mwisho kwa sababu chumvi hutoa maji. Kwa mchuzi wa samaki aziache nzima, achonge kichwa kama kalamu bila kutoboa ndani, azikaange kidogo pembeni, azitumbukize kwenye mchuzi wenye ukwaju au ndimu dakika za mwisho. Tui zito likifuata, chakula kimefika. Bamia na nyanya chungu kwa dagaa sihitaji kuwafundisha watu wa Morogoro, ila nawaomba mpunguze muda. Bamia changa haihitaji zaidi ya dakika 10 motoni. Ukiona imebadilika rangi ikawa ya kijeshi, umeshapita.

Zikiwa nyingi, zikaushe. Wasudani hukata vipande, huanika juani, husaga, na unga huo, wanaouita weika, huukoleza mchuzi mwaka mzima. Jua tunalo, vinu tunavyo, na kila msimu wa wingi bamia zinaoza pembeni mwa barabara. Kikundi chochote cha kina mama humu ndani kinaweza kulianza jambo hilo bila mkopo.

Nilijua nitaulizwa kuhusu maji ya bamia, kwa hiyo nijibu kabla. Watu huloweka bamia usiku kucha na kunywa maji yake asubuhi kwa ajili ya kisukari. Ni kweli kwamba ute wa bamia, kama nyuzinyuzi nyingine za namna hiyo, huweza kuchelewesha sukari kuingia kwenye damu. Lakini utafiti wa wanasayansi wa Bangladesh uliochapishwa mwaka 2011, uliofanywa kwa panya, ulionyesha kwamba maji hayo yalizuia pia metformini isifyonzwe vizuri. Metformini ndiyo dawa wanayopewa wagonjwa wengi wa kisukari. Panya si mtu, ila mwenye busara atakula bamia yake kama mboga, atameza dawa yake kama alivyoelekezwa, na kama anataka kunywa maji hayo atamwambia daktari kwanza. Na zile habari nyingine za maji ya bamia zinazosambazwa kwenye simu kwa akina dada, mnazijua, sitazitaja mbele ya wazee. Sijaona ushahidi wake.

Limebaki la mbegu. Ukinunua chotara, mbegu zake usizitunze, hazitarudi kama mama. Ukinunua aina ya kawaida kama Clemson Spineless, iliyotolewa South Carolina mwaka 1939 na bado iko madukani hapa, unaweza kuitunza mwenyewe miaka nenda rudi. Teua mapema mmea usiokunjamana majani, unaozaa sana, uufunge kitambaa, na uwatangazie watu wa nyumbani kwamba huo hauvunwi. Ndio mmea pekee bustanini wenye ruhusa ya kuzeeka. Nyuki huchanganya bamia, kwa hiyo jirani akiwa na aina nyingine, mbegu zako zitakuwa na damu yake. Acha matunda yakauke juu ya mti hadi yawe kahawia na kupasuka kwenye kingo, yapukuchue, anika kivulini, weka kwenye chupa kavu pamoja na majivu, ufunge.

Nimekuja na Clemson kidogo. Ziko kwenye karatasi pale mezani karibu na mlango, karatasi moja kwa nyumba moja. Atakayeloweka leo usiku apande kesho asubuhi. Anayejua kwamba miezi miwili kutoka sasa atakuwa safarini, amwachie wa nyuma yake kwenye foleni.